Binti wa Lokwang na Kitabu cha Akina Varnell

Katika soko la mbuzi la Kakuma, Akoru alijulikana kwa macho yake ya kijivu na kwa ulimi wake. Macho watu walikwisha kuyazoea. Ulimi hakuna aliyeuzoea. Mnunuzi akimbonyeza mbuzi wake kiunoni na kusema amekonda, Akoru alimwambia amwachie mbuzi wa watu, aende akabonyeze kuku. Wasomali waliokuwa wakinunua mifugo ya kuchinja kule kambini walimheshimu, kwa sababu hakuwahi kuwauzia mnyama mgonjwa, na kwa sababu mtu aliyebishana naye asubuhi alikuwa bado ana hasira jioni.

Alizaliwa hapo hapo Kakuma mwaka 1964, miaka mingi kabla ya kambi ya wakimbizi, wakati mji wenyewe ulikuwa maduka machache, kituo cha polisi na mto mkavu. Baba yake alikuwa Mmarekani aliyekuja baada ya njaa kubwa ya 1961 kuchimba visima kwa ajili ya shirika dogo la msaada. Kwao aliitwa Walter Varnell. Waturkana walimwita Lokwang, yaani yule mweupe, na jina hilo likamganda hata polisi wakawa wanamwita hivyo. Mama yake Akoru aliitwa Abei. Walioana mwaka 1963 kwa mahari ya mifugo na ng'ombe dume wa harusi, kama watu wote. Mwaka 1967 lori la Lokwang lilisombwa na maji ya laga, mto wa msimu, karibu na Kalemng'orok, mvua iliyonyesha milimani ikiwa imeujaza ule mto mkavu kwa ghafla. Akafa. Akazikwa Kitale.

Desturi ya Waturkana haina utata hapo. Mume aliyetoa mahari akifa, ndugu zake ndio wenye mjane na wenye watoto. Basi Abei alirudi kukaa kwa kaka yake, Esekon, akiwa si wa pale kabisa. Alikaa akiwangoja ndugu za mumewe. Mwenye nia ya kumposa alimposa, akamjibu kwamba yeye ana wenyewe, na wenyewe watakuja. Alingoja mpaka akafa mwaka 2005, bado amevaa alagama shingoni, ile pete pana ya chuma anayovishwa mwanamke siku ya kuolewa. Alizikwa nayo.

Akoru alikua katika hali hiyo ya kungoja. Nyumbani kwa mjomba alilishwa na kupendwa, lakini mbuzi walipogawanywa hakugawiwa, kwa sababu yeye alikuwa wa Lokwang. Ndiyo sababu alijifunza biashara mapema. Alikuwa akienda hadi Lokiriama, mpakani na Uganda, kununua mbuzi, na kuwashusha Kakuma kwa miguu na wachungaji. Aliolewa, akazaa mtoto mmoja, Epuyo, kisha mumewe akauawa katika uvamizi wa mifugo. Akaendelea na mbuzi wake.

Mwezi wa saba mwaka 2012 alipigiwa simu na Benard, karani wa nyumba ya wageni ya kanisa fulani mjini Lodwar. Benard alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya aliyehamia Turkana kikazi, na alimfahamu Akoru kwa sababu ndiye aliyeiuzia nyumba ile nyama ya sikukuu.

"Mama Epuyo, kuna wazungu hapa," alisema. "Wanauliza habari za Lokwang."

Akoru akauliza, "Wanaitwa nani?"

"Varnell. Ni kaka na dada. Wanasema Lokwang alikuwa mdogo wa baba yao."

Siku hiyo hakwenda sokoni. Alifunga kitambaa kipya kichwani, akavaa shanga za mama yake, akapata nafasi kwenye gari la mfanyabiashara aliyekuwa akienda Lodwar. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Watoto wa kaka ya baba yake, kwa hesabu ya Kiturkana, ni kaka na dada zake kabisa. Hakujua kama angewakumbatia au angewagombeza kwa kuchelewa. Alifikiri pengine angefanya yote mawili.

Dale Varnell alikuwa mzee mrefu mwenye shati la mifuko mingi. Marjorie, dada yake mkubwa, alikuwa mwembamba, na uso wake ulikuwa umeungua na jua la Lodwar ukawa mwekundu. Walimpokea vizuri. Benard alikuwa amewaambia tu kwamba kuna mwanamke wa Kakuma anayejua habari za zamani. Wakampa soda na kumketisha chini ya panka, na Dale akafungua kitabu kinene chenye jalada la kijani.

"Hiki ni kitabu cha ukoo wao," Benard alieleza. "Yeye ndiye amekiandika. Ametumia miaka mingi. Sasa anatafuta habari zaidi aongeze."

Dale alianza mbali, kwa babu wa kwanza, Ezra Varnell, aliyevuka milima pamoja na walowezi wengine wakati nchi yao ilikuwa bado changa, akiwa na bunduki, shoka na maksai mmoja. Huko ng'ambo hapakuwa na serikali wala kanisa. Wakajenga ngome ya magogo. Ezra akampenda mjane aitwaye Temperance. Mhubiri hakuwepo, kwa hiyo walishikana mikono mbele ya majirani na kutangaza kwamba wao ni mume na mke, na jirani mmoja akachinja nguruwe. Kutoka kwa hao wawili, Dale alisema, wametoka watu wote wa kitabu hiki. Alipofika hapo alitokwa machozi. Akavua miwani na kuifuta.

Akoru aliipenda hadithi ile. Aliwaona watu wale na maksai wao mmoja, akawaza kwamba hao hawakuwa mbali sana na watu wa kwao. Akamwambia Benard awaambie hivyo. Marjorie alicheka kwa furaha.

Ndipo Dale akafika kwa Walter. Palikuwa na picha za pampu, za lori, za wanaume wakivuta mabomba. Na picha moja ya mwanamke kijana aliyesimama kando ya punda, amekunja uso kwa sababu ya jua, shingoni ana alagama.

Akoru aliweka soda chini. Nyumbani hawakuwahi kuwa na picha yoyote ya Abei. Hakuwa akiikumbuka sura ya mama yake akiwa kijana.

"Hapo chini pameandikwa nini?" aliuliza.

Benard aliyasoma maneno ya Kiingereza kwa kunong'ona, akasita. "Wameandika, msaidizi wa Walter, Kakuma."

Akoru hakusoma shule, lakini miaka ya kuuza mbuzi kwa mashirika ya kambini ilikuwa imemfunza maneno ya Kiingereza, na hilo alilijua. "Benard, mimi si mgeni wako. Hiyo neno si msaidizi. Soma vile iko."

Benard akatazama sakafu. "Mtumishi wa nyumbani."

"Na hapa juu, kwa jina la Lokwang?"

"Hakuoa. Hakuacha mtoto."

Panka lilikuwa likizunguka na kulalamika. Marjorie aliyaona macho ya yule mgeni wao, akayatazama vizuri kwa mara ya kwanza, na mkono wake ukaenda mdomoni. Dale bado alikuwa akingoja habari za zamani.

"Mwambie," Akoru alisema polepole, "huyo mwanamke anaitwa Abei. Ni mke wa Lokwang. Hiyo chuma kwa shingo alivalishwa na Lokwang mwenyewe, mbele ya watu. Mtumishi havalishwi hiyo. Na mimi ni mtoto wao. Mwambie nimekuja kusalimia ndugu zangu."

Benard alitafsiri, na safari hii hakupunguza kitu. Dale alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, kwa upole uliomchoma Akoru kuliko tusi, kwamba anaziheshimu sana simulizi za wenyeji. Kwamba baba yake mwenyewe alifika Lodwar mwaka 1967 kuchukua masanduku ya Walter, na hakurudi na habari ya mke wala mtoto.

"Alikuja, ndiyo," Akoru alisema. "Mama alitembea kutoka Kakuma hadi hapa kumwona, mimi niko mgongoni. Alisimamishwa mlangoni. Baba yako alitoka na mkebe wa maziwa na blanketi, akampa, akaingia ndani. Mama alidhani atarudi kuongea. Aliketi hapo nje mpaka gari yake ikaondoka."

Dale aligeuka mwekundu. Alitoka, akarudi na kisanduku cha karatasi, na ndani yake kichupa cha plastiki. Alieleza kwamba siku hizi mambo haya si ya kubishana. Mtu anatema mate humo, yanapelekwa maabara, na kipimo cha DNA kinasema ukweli. Kama ni kweli, atafurahi sana kuongeza jina lake.

Akoru alikitazama kile kichupa. Kwao mzee anapombariki mtoto humtemea mate kifuani. Alitemewa hivyo na mjomba wake siku alipoolewa. Sasa mtu aliyetoka mbali, na kumwita mama yake mtumishi, alikuwa amemkingia chupa.

"Mama yangu aliwangoja miaka karibu arubaini," alisema. "Hakuwaomba kitu. Alisema tu, wenyewe watakuja. Sasa mmekuja, na neno la kwanza mmesema ni kwamba yeye mwongo. Wewe weka hiyo chupa yako."

Alitoka bila kuaga. Marjorie alimfuata hadi langoni akisema jambo ambalo Benard hakuwepo kulitafsiri, na Akoru hakusimama.

Alipofika Kakuma habari zilikuwa zimemtangulia, kwa maana Benard alikuwa na mdomo, na Epuyo alikuwa na simu. Epuyo alikuwa kijana wa pikipiki, mwenye miaka ishirini na kitu, macho yake ya kijivu kama ya mama yake. Maisha yake yote vijana wa mjini walikuwa wamemwita pointi faivu, yaani chotara, kwa utani. Alimkuta mama yake akiwagawia mbuzi maji kwa ghadhabu, ndoo zikigongana.

"Mathe, ni mate tu," alisema. "Si damu, si figo. Unatema, tunakuwa watu wao. Unajua hiyo ni nini? Watu wanauza ng'ombe wote watafute njia ya kwenda huko, na wewe njia imekuja mpaka nyumbani umeifukuza."

"Njia ya kwenda wapi? Wamemwita nyanya yako mtumishi."

"Nyanya alikufa. Mimi niko."

Akoru aliiacha ndoo ianguke. Alitaka kumjibu mwanawe vibaya, na maneno alikuwa nayo, lakini alimwona alivyosimama, na shati lililojaa vumbi la kubeba abiria, akaingia ndani ya nyumba.

Rafiki aliyemwendea ni Awut, Mdinka aliyefika kambini miaka ya tisini na sasa alikuwa na kibanda cha chai kando ya barabara ya Kakuma Moja, sehemu ya kambi. Walikuwa wamezoeana tangu Akoru alipomuuzia mbuzi wa harusi ya binti yake na wakagombana siku nzima kuhusu mimba ya yule mbuzi. Awut alimsikiliza mpaka mwisho huku akikoroga sukari.

"Kwetu mtoto mdogo anajua babu wa babu wa babu," Awut alisema. "Anaimba kama wimbo. Tulikimbia bila kitu, lakini hiyo tulikuja nayo. Hakuna mtu alituomba mate." Akamsogezea chai. "Lakini wewe umekosea kitu moja. Umeenda kwao. Umekaa kwa kiti yao, na soda yao, kama mtu anaomba kazi. Hawa wamekuja nchi yako. Waite."

"Hawatakuja."

"Watakuja. Si wanataka kupiga picha kisima cha baba yako?"

Ilikuwa kweli. Baada ya siku kadhaa Benard alipiga simu kwamba wazungu wanakuja Kakuma kuona visima, na je, angekubali kuwaonyesha. Akoru alikubali, kwa sharti kwamba kwanza wafike nyumbani kwa mjomba wake.

Esekon aliishi nje ya mji, upande wa magharibi, katika boma la miiba ambalo watoto wake walilihamisha na kulirudisha kila msimu. Alikuwa haoni vizuri, na alikuwa mchungu kama nyongo. Jambo la kwanza aliloomba ni tumbako. Jambo la pili, kabla mgeni hajaketi sawasawa, aliuliza kwa Kiturkana kwa nini ndugu za Lokwang wamechelewa hivyo, na kama wamekuja na mifugo ya kumtunza mjane, basi mjane amekwisha kufa. Akoru alitafsiri kwa Kiswahili, Benard kwa Kiingereza. Dale akaandika. Marjorie hakuandika kitu. Alikuwa amekaa juu ya kigoda cha mbao, mikono magotini, akimtazama yule mzee.

Esekon alisimulia harusi. Lokwang hakuwa na mifugo, kwa hiyo aliuza bunduki yake na redio yake, akanunua ngamia na ng'ombe kwa wafugaji wa Lokiriama, na wakaletwa kwa siku nyingi wakiwa wamechoka. Baba yake Esekon akawakataa baadhi kwa ukondefu, Lokwang akaongeza mbuzi. Siku ya harusi ilimpasa bwana harusi amchome mkuki ng'ombe dume. Alimchoma vibaya. Ng'ombe akakimbia na mkuki ubavuni, akapita katikati ya wanawake, na Lokwang nyuma yake bila kofia, hata wanaume wakashindwa kusimama kwa kucheka. Akamchoma tena. Ng'ombe akaanguka. Watu wakala, wakaimba, Abei akavishwa alagama.

"Alikuwa shemeji mbaya wa mkuki," Esekon alisema, "lakini alilipa yote. Mwambie huyu. Lokwang hakuwa mwizi wa msichana."

Marjorie alicheka na kulia kwa pamoja. Alisema baba yake mdogo alikuwa mtu wa namna hiyo hasa, hata kuku hakuweza kumchinja vizuri. Dale aliuliza kama kulikuwa na cheti chochote. Cha serikali au cha kanisa.

Akoru alikuwa ameahidi moyoni kwamba siku hiyo angetulia. Hakutulia.

"Benard, muulize. Ezra wake na yule mjane. Cheti chao kiko wapi?"

Dale alitabasamu kidogo. Alieleza kwamba wakati ule, mpakani kule, hapakuwa na mhubiri wala ofisi. Ilikuwa desturi ya watu wa mpakani. Ndoa ilikuwa ndoa.

"Na nguruwe alichinjwa."

"Ndiyo."

"Walishikana mikono mbele ya majirani, nguruwe akachinjwa, hiyo ni ndoa. Umeliandika. Umelia machozi, nilikuona. Sasa huyu hapa ni shahidi, ana masikio, ana mdomo, bado yuko hai. Ng'ombe alichomwa mara mbili. Ngamia walihesabiwa mpaka baba ya bibi arusi akaridhika. Hiyo si ndoa, ni simulizi. Kwa nini? Ezra alikuwa na nini Lokwang hana? Ama ni Temperance alikuwa na kitu Abei hana?"

Benard alitafsiri akiangalia mbali. Marjorie akamgeukia kaka yake akamwambia maneno machache, makavu. Benard hakuyatafsiri, lakini hata Esekon asiyejua Kiingereza aligeuza kichwa.

Hatimaye Dale alisema kwamba hoja hiyo ameielewa. Kwamba kitabu kitapata nyongeza mwakani. Kwamba anahitaji kipimo ili jamaa wengine, walio wagumu kuliko yeye, wasipinge, na kipimo kikithibitisha, ataandika yote kama alivyosikia.

"Utaandika jina la mama yangu?"

"Nitaandika."

"Na neno mke?"

Dale alimtazama Marjorie, akasema, "Ndiyo."

Akoru akachukua kichupa, akatema. Alifanya hivyo amesimama, mbele ya mjomba wake, na alipomaliza alikifunga mwenyewe. Epuyo alikuwa ameegemea pikipiki yake nje ya boma, akatabasamu kama mtu aliyepewa pasipoti.

Majibu yalifika kabla ya Krismasi. Benard alisoma kwenye simu: Akoru na Dale walikuwa watoto wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Akoru alisema anajua, akakata simu akaendelea kupima chumvi ya mbuzi. Epuyo ndiye aliyenunua soda za mtaa mzima. Tangu hapo alikuwa akiandikiana na Dale. Kulikuwa na mkutano mkubwa wa ukoo uliopangwa mwaka uliofuata, na Dale alikuwa amesema atawaandikia barua ya mwaliko wa kuombea viza.

Mwezi wa tatu 2013 nchi ilipiga kura, Turkana ikapata serikali yake ya kaunti, na Lodwar ikajaa magari mapya. Kule Lokichar walikuwa wakizungumzia mafuta. Katikati ya shughuli hizo, nyongeza ya kitabu ikafika, kijitabu chepesi chenye jalada la kijani kama kile kitabu chenyewe. Benard alikileta mwenyewe mpaka Kakuma, na Akoru alipoona amekuja mwenyewe, akajua habari si njema.

Walikaa kwenye kibanda cha Awut. Epuyo alikuwapo.

"Soma," Akoru alisema.

Benard akasoma. Walter Varnell. Hakuoa. Alizaa nje ya ndoa, na mwanamke wa kabila la Waturkana, binti mmoja, Akoru, mfanyabiashara wa mifugo.

"Endelea."

"Imeisha, Mama Epuyo."

Awut aliondoa birika motoni na kusimama nalo. Akoru aliomba simu. Kulikuwa bado asubuhi na mapema huko kwa akina Dale, na sauti iliyoitikia ilikuwa ya mtu aliyeamshwa. Benard akaweka simu katikati ya meza.

"Mwambie ni dada yake anapiga," Akoru alisema. "Mwambie nimeona kitabu. Jina la mama yangu liko wapi?"

Dale alieleza kirefu. Vitabu vya ukoo vina kanuni zake. Bila hati ya ndoa, neno ni hilo moja, nje ya ndoa, halina ubaya, ni la kitaalamu. Jina la Abei halikuwa na hati yoyote ya kuliunga mkono. Na ndoa ya Ezra ilikuwa tayari imekubaliwa na chama cha uzao wa walowezi, hawezi kuigusa.

"Uliahidi mbele ya mjomba wangu."

Alisema anasikitika. Alisema jambo kubwa ni kwamba sasa yeye na Epuyo wamo ndani ya ukoo.

"Nitoe," Akoru alisema.

Epuyo aliruka. "Mathe."

"Mwambie anitoe. Mimi na mtoto wangu. Sitakaa kwa kitabu ambacho mama yangu hana jina. Mtu alivaa ile chuma mpaka kaburini kwa sababu ya jina lao, na wao hawana nafasi ya kuandika herufi nne. Mwambie mimi ni mtoto wa ndoa. Nimelipiwa ngamia. Kama kitabu chake hakiwezi kusema hivyo, kitabu chake kina makosa, na asiniweke kwa makosa yake."

Dale alisema kimekwisha kuchapishwa. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayejaribu kuwa na subira, kwamba hasira hizi zitafanya barua ya mwaliko kuwa ngumu.

Benard alitafsiri hilo kwa sauti ndogo. Akoru akamtazama mwanawe, kwa muda mrefu. Uso wote wa Epuyo ulikuwa ukimsihi.

"Basi iwe ngumu," Akoru akasema, akasukuma simu.

Epuyo hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali angempigia. Aliondoka kwa pikipiki, na wiki hiyo hiyo akaiuza, akaenda Lokichar kutafuta kazi kwenye kambi za mafuta. Alipata kibarua cha ulinzi. Kwa muda mrefu alipopiga simu aliongea na Awut, akimuuliza mama yake hajambo, na Awut alimjibu kwa kumfokea.

Mwezi wa tisa Marjorie alipiga simu. Alikuwa amejifunza maneno kadhaa ya Kiswahili, akayatumia yote mwanzoni, kisha Benard akaendelea. Alikuwa amechapa vipande vya karatasi kwa gharama yake, vyenye picha ya Abei na maneno haya: Abei, mke wa Walter Varnell, waliooana Kakuma mwaka 1963 kwa desturi ya Waturkana. Aliwatumia jamaa wote walionunua kitabu, wavibandike humo. Wengine walibandika, wengine walimrudishia. Kwenye mkutano wa ukoo alisimama akasoma maneno yale kwa sauti, na Dale akatoka ukumbini. Hawaongei tena.

Akoru alisikiliza. Lilikuwa jambo kubwa, na alilijua. Mwanamke mzee kusimama peke yake mbele ya ukoo mzima si mchezo.

"Mwambie ahsante," alisema. "Mwambie yeye ni dada yangu, akija atalala kwangu, si hotelini. Picha ya mama aniletee, moja kubwa."

Marjorie aliuliza kama sasa moyo wake umetulia.

"Hapana," Akoru alisema. "Wewe umefanya yako. Yeye aliahidi kwa mdomo, mbele ya mzee. Aje aseme kwa mdomo, mbele ya mzee huyo huyo, kabla hajafa."

Dale hakuja mwaka huo. Esekon alikuwa akiuliza kila mara kama ndugu za Lokwang wako njiani, na Akoru alimjibu kwamba mmoja amekwisha kufika, na mwingine bado. Epuyo alirudi kwa siku chache mwezi wa kumi na mbili, amekonda, amemletea mama yake shuka. Walikula pamoja bila maneno mengi. Asubuhi yake alimsaidia kuwafunga mbuzi aliokuwa akiwapeleka sokoni, na walipofika huko, mnunuzi mmoja akamwuliza Akoru kwa utani kama bado amewakasirikia wazungu.

"Mmoja," Akoru alisema. "Na mbuzi huyo usimbonyeze."